Kokteli ya dola nane: tunalipa nini hapa Bukavu?

Dada yetu mdogo alimaliza chuo kikuu mwaka uliopita. Siku aliyotetea kazi yake ya mwisho, baada ya maua, picha na ule unga tunaomwagia watu kichwani, familia ilichanga feza tukampeleka kwenye restora moja ya kando ya ziwa, hapa hapa Bukavu. Jina lake silitaji, maana nikilitaja nyinyi mtafikiri ni hiyo moja tu. Mzee wetu, ambaye kwa kawaida anakunywa Primus moja ya Jumapili kisha analala, alivaa koti. Mama alivaa kitenge alichoshona kwa ajili ya ndoa ya shangazi.

Dada akafungua karti ya vinywaji. Ukurasa mzima ulikuwa picha: glasi ndefu zenye rangi tatu, mwavuli mdogo wa karatasi, kipande cha nanasi kimekaa juu ya ukingo kama ndege. Akaweka kidole kwenye mojito.

"Yaya, naweza kuagiza hii?"

Dola nane. Nikamwambia leo ni siku yako, agiza unachotaka. Shemeji akaagiza hiyo hiyo, na wengine wawili wakachagua zenye majina marefu ambayo hata serveri alikuwa anayasoma kwa shida.

Tulingoja karibu nusu saa. Kilichokuja mbele ya dada kilikuwa glasi ya mayi ya kijani, kijani cha dawa ya kusukutulia kinywa. Ndani yake vipande viwili vya barafu vilikuwa vinakata roho. Ndimu ilikuwa moja, imekauka pembeni. Jani la menti hakuna hata la kudanganyia. Nilionja: siropo ya menti ya chupa, sodi ya tamu, na huko mbali, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya Ruzizi, harufu ya kitu kinachofanana na ramu. Dada alikunywa mdomo mmoja, akatabasamu juu ya heshima, kisha akasogeza glasi pembeni polepole ili asituumize. Mzee akaomba aonje. Akanyamaza kidogo, akasema:

"Hii ni ile dawa ya minyoo mliyokunywa mkiwa watoto. Ile ilikuwa bure."

Tulicheka mpaka meza za jirani zikageuka. Lakini fakture ilipofika sikucheka tena. Kokteli 4, dola 32. Na hakuna aliyemaliza yake.

Najua kuna msomaji ambaye tayari amekasirika. Ndugu mwandishi, atasema, katika mkoa huu watu wanakimbia vijiji vyao, walimu wanahesabu miezi bila mshahara, na wewe unatuandikia juu ya kokteli? Namwelewa. Kazi yangu ya redio inanipeleka kwenye hizo habari nyingine karibu kila siku, na sizisahau nikifika mezani. Lakini ni kwa sababu feza ni chache ndiyo naandika. Yule anayeingia restora kila jioni, dola nane hazimuumizi. Zinamuumiza fundi aliyechanga miezi miwili ili afurahishe mke wake siku ya kuzaliwa, au familia iliyotaka mara moja kukaa pahali pazuri. Huyo akidanganywa, ndiyo siku yake pekee iliyodanganywa.

Tena kuna jambo la usalama ndani yake, na hilo ndilo limenifanya nikae niandike.

Sisi watu wa Kivu tuna sheria moja ya kunywa ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: chupa inafunguliwa mbele yako. Ukiwa Kadutu, ukiwa Nyawera, ukiwa Panzi, serveri analeta Primus imefungwa, anakuonyesha, unaigusa kusikia kama ni ya baridi au ya moto, kisha ndiyo anafungua. Akiileta imefunguliwa tayari, unairudisha, na hakuna atakayekuita mtu mbaya. Tunaogopa karuho. Kila familia hapa ina hadithi yake ya sumu, ya kweli au ya kusikia, na hofu hiyo imetufundisha adabu ya kinywaji. Hata kwenye kasiksi ni vile vile. Mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya wageni, kisha ndiyo anakupa. Wazee wetu walijua kwamba kinywaji kilichochanganywa na mtu mwingine ni jambo la kuaminiana, na kuaminiana kunaonyeshwa kwa macho.

Sasa nieleze. Mtu huyo huyo anayekataa Primus iliyofunguliwa mita tano kutoka kwake, akiingia restora ya taa za rangi anapokea glasi iliyotengenezwa nyuma ya pazia, na mtu asiyemwona, kwa chupa asizozijua. Hakuna aliyeonja mbele yake, hakuna kizibo kilicholia. Anakunywa, tena anapiga picha anaiweka kwenye simu. Karuho tumeiacha mlangoni juu ya mwavuli wa karatasi?

Sisemi kwamba restora zinaweka sumu. Nasema hatuoni kinachowekwa, na pale ambapo jicho la mteja halifiki, mambo mengi yanaweza kupita.

Niliongea na kijana mmoja ambaye amefanya kazi nyuma ya kontuari miaka minne, katika nyumba tatu tofauti. Aliniomba nisitaje jina lake wala za mabosi wake, na sitayataja. Nilimuuliza alijifunza wapi kutengeneza kokteli. Akacheka. "Kwenye simu, mkubwa. Naangalia video, lakini video inasema weka ndimu tano, na bosi ananipa ndimu tano za wiki nzima."

Akanieleza hesabu, nami naiweka hapa kwa sababu ni hesabu ambayo kila mnywaji anapaswa kuijua. Chupa ya ramu au ya jini ya sentilita 75, ukipima sentilita 4 kwa kila glasi, ambacho ni kipimo cha kawaida katika nchi nyingi zinazofuata desturi ya Kifaransa, inatoa glasi 18 na kidogo kinabaki. Tuseme chupa hiyo imenunuliwa dola 20. Glasi 18 kwa dola 8 ni dola 144. Toa sukari, ndimu, barafu, mafuta ya groupe, mshahara wa kijana, kodi, bado mwenye nyumba hakulala njaa. Lakini kijana huyo aliambiwa siku ya kwanza ya kazi: chupa moja, glasi 30. Hiyo ni sentilita 2 na nusu kwa kila moja. Na kwenye nyumba nyingine aliambiwa 40, yaani sentilita zisizofika hata 2.  Ndiyo maana ramu yangu ilikuwa inaita kutoka ng'ambo.

Na ili mteja asisikie kwamba pombe ni ndogo, wanaongeza sukari. Hii ndiyo siri ya kokteli zetu kuwa tamu kama asali. Kinywaji kilichochanganywa vizuri kina mambo matatu yanayovutana: ukali wa pombe, uchachu wa ndimu na utamu wa sukari. Ukipunguza pombe kwa kuiba na ukipunguza ndimu kwa ubahili, unabaki na utamu peke yake. Mtu anayekunywa anadhani ndiyo ladha yake. Kuna vijana wa mji huu wanaoamini kabisa kwamba mojito ni sharubati ya kijani. Mojito ilitoka Cuba: ramu nyeupe, maji ya ndimu mbichi, sukari kidogo, majani mabichi ya menti, sodi isiyo na sukari. Haina rangi ya kijani zaidi ya yale majani. Ikikujia kijani kama jezi ya timu, ujue menti yake ilizaliwa kiwandani.

Nilimuuliza kijana juu ya chupa zenyewe. Hapo alipunguza sauti. Alisema amewahi kuona chupa ya wiski yenye jina kubwa ikijazwa upya kwa kile kinachouzwa kwenye vichupa vya plastiki sokoni. Mteja anaiona imesimama kwenye rafu, jina linang'aa, anaagiza, analipa bei ya jina. Hilo ni wizi, lakini wizi wa feza tu si kitu. Hatari ni pale kitu kilichojazwa hakijulikani kimetoka wapi. Pombe kali iliyopikwa vibaya, au iliyoongezwa nguvu na watu wasio na dhamiri, inaweza kuwa na metanoli. Metanoli haina ladha ya kukuonya. Kiasi kidogo sana, kijiko kimoja au viwili, kinaweza kumpofusha mtu macho, na kikizidi kidogo kinaua. Dalili hazitokei mezani. Zinatokea baada ya masaa mengi, kesho yake hata, wakati mtu anafikiri ana kichwa cha kulewa tu: anatapika, tumbo linauma, anaona ukungu mbele ya macho. Mwenye dalili hizo hapewi chai ya ndimu nyumbani. Anakimbizwa hospitali, na anasema wazi alichokunywa, bila haya.

Barafu nayo. Watu hawaiogopi kwa sababu ni ya baridi na inang'aa. Lakini barafu ni mayi, na mayi ya mji wetu kila mtu anajua yanatoka wapi siku bomba limekauka. Mkoa wetu unaishi na kolera mwaka hadi mwaka. Kugandisha mayi machafu hakuyasafishi, vijidudu vinasubiri tu barafu iyeyuke. Na ile imani kwamba pombe iliyo ndani ya glasi "inaua kila kitu" ni ya kujifariji, kwa sababu pombe ya kokteli imechanganywa sana, haina nguvu hiyo, hasa zile za glasi 40 kwa chupa! Ongeza umeme unaokatika: barafu inayeyuka ndani ya frigo, inaganda tena, inayeyuka tena. Ndiyo maana ile ya kwetu ilikuja ikiwa inakufa. Barafu ndogo iliyoanza kuyeyuka inageuza kinywaji kuwa mayi kabla hujaongea maneno kumi. Sidai restora iwe na mashine za Ulaya. Nadai mayi yaliyochemshwa, na kama leo hakuna barafu nzuri, serveri aseme: mkubwa, leo hakuna barafu. Tutaelewa. Sisi ni watu wa Bukavu, tumeelewa mambo makubwa kuliko hayo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni jini na toniki.

Mara tatu, katika nyumba tatu za mji huu, nimeagiza jini na toniki nikaletewa jini na Sprite. Mara ya tatu nilimwambia serveri, dada, hii si toniki. Akanijibu kwa upole kabisa: "Patron, ni sawa tu, zote ni nyeupe." Sikumkasirikia. Nani alimfundisha? Lakini wasomaji, fikirini ni mji gani huu ambamo hilo linatokea. Toniki ni sodi yenye kwinini. Uchungu wake ni kwinini. Waingereza waliokuwa India katika karne ya 19 walikuwa wanakunywa kwinini juu ya malaria, na kwa sababu ni chungu sana waliichanganya na mayi, sukari, ndimu na jini ili ishuke. Mwaka 1858 Mwingereza mmoja, Erasmus Bond, akapata hati ya kutengeneza sodi ya namna hiyo, na baadaye kampuni ya Schweppes ikaisambaza duniani.

Na kwinini inatoka wapi? Kwenye gome la mti wa kinkina, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wakati wa Wabelgiji mti huo uliletwa huku, ukapenda ubaridi na udongo wa milima ya Kivu. Hapa hapa Bukavu tuna Pharmakina, kiwanda ambacho kwa miaka mingi kimehesabiwa kati ya watengenezaji wakubwa wa kwinini duniani. Wasomaji wengi wana mjomba au jirani aliyefanya kazi kule au kwenye mashamba yake. Mji unaotoa kwinini kwa dunia unakunywa jini na Sprite! Ni kama mtu wa Idjwi anayenunua nanasi la kopo.

Ah, hilo la nanasi nalo linatokea, nitafika.

Kabla ya hapo, niwape vijana njia moja ya kupima, maana nimeijaribu. Kwinini ikipigwa na ile taa ya zambarau ya kwenye naiti-klabu, ile inayofanya mashati meupe yang'ae, inatoa mwanga wa buluu. Weka glasi yako ya toniki chini ya taa hiyo. Ikiwaka buluu, kuna kwinini ndani. Isipowaka, umeuziwa limau na sukari, mwite patron. Nilifanya hivyo usiku mmoja na rafiki zangu. Glasi tano, hakuna iliyowaka, iliyowaka ilikuwa shati yangu tu.

Turudi kwenye nanasi. Asubuhi nenda Beach Muhanzi wakati mitumbwi inaposhuka. Utaona nanasi za Idjwi zimepangwa, harufu yake inakufuata mpaka barabarani. Utapata marakuja, ndimu, maembe ya upande wa Uvira na tambarare ya Ruzizi msimu ukifika, tangawizi inayochoma koo, asali, miwa, ndizi za kila namna. Wamama wanaoviuza wanakaa juani mpaka jioni, na vingine vinaozea mikononi mwao kwa sababu wanunuzi ni wachache na barabara ni mbaya. Kisha kilomita mbili kutoka pale, kwenye restora yenye kokteli ya nanasi ya dola 10, wanafungua kopo au boksi la juisi iliyovuka bahari na mipaka mingapi sijui. Nilimuuliza mwenye nyumba mmoja kwa nini. Alinijibu bila kusita kwamba juisi ya boksi haiharibiki, haihitaji mtu wa kumenya, na wateja wanaiona kuwa ya kisasa.

Hayo mawili ya kwanza nayapokea. Biashara katika mji huu ni ngumu, sikatai. Mwenye restora analipa kodi ambazo hata yeye hajui majina yake yote, anapokea watu wenye makaratasi kila wiki, ananunua mafuta ya groupe, na chupa zake zimepita mipaka kwa bei ya kulia. Lakini la tatu, la "kisasa", hilo ni letu sisi wateja. Tumemfundisha mwenye restora kwamba tunalipia picha. Tunaona haya kurudisha glasi mbaya kwa sababu tunaogopa kuonekana watu wa kijijini wasiojua kokteli. Dada yangu hakuirudisha. Mimi, mtu wa redio, mtu wa kuuliza maswali, nilinyamaza nikalipa dola 32. Kwenye buveti ya mtaani nisingenyamaza. Nimewahi kurudisha Primus juu ya kizibo kilichokuwa na kutu kidogo, nikapewa nyingine na pole juu.

Kwa dola nane, mtaani kwetu, mzee wangu anapata Primus, anapata brosheti, anapata sahani ya sambaza za kukaanga, na anabakiza feza ya motari wa kumrudisha nyumbani. Primus ile inakuja na ahadi iliyoandikwa: sentilita 72, ladha ile ile jana na leo. Ukisoma karti ya kokteli zetu hutakuta kipimo hata kimoja. Nyama inapimwa kilo, mafuta yanapimwa lita, hata mkaa una gunia lake. Kokteli peke yake ndiyo inauzwa kwa rangi.

Ninachoomba si kikubwa. Karti iandike sentilita ngapi za pombe na ya jina gani. Kile kikopo cha kupimia, ambacho bei yake haifiki bei ya kokteli moja, kiwe kwenye kila kontuari na kitumike. Na kijana atengenezee mahali tunapomwona, pazia litoke. Restora inayokubali kufungua chupa ya bia mbele ya mteja haina sababu ya kuficha chupa ya ramu. Wale wa serikali wanaopita kukagua, wanaotazama patente na risiti za kodi, siku moja watazame pia ndani ya chupa zilizo rafuni na ndoo ya barafu. Na mabosi wawalipie vijana wao hata wiki mbili za mafunzo. Mji huu una watu waliosomea hoteli wanaokaa bila kazi, wawaite.

Wengine wataniambia suluhisho ni kuacha pombe. Wachungaji wameshaniambia. Sibishani nao, wana kazi yao, na madhara ya pombe katika familia zetu nayajua. Lakini kokteli isiyo na pombe nayo ni dola sita, nayo ni siropo na mayi. Mchungaji mmoja alikiri kwangu kwamba alikunywa moja kwenye ndoa ya mshirika wake na akafikiri ni sabuni.

Wiki tatu zilizopita, dada alipata kazi yake ya kwanza, mafunzo ya kazi tuseme, lakini analipwa kitu. Alisema safari hii yeye ndiye anatualika, na hatutakwenda ziwani. Akatupeleka kwenye buveti moja ndogo upande wa Kadutu, viti vya plastiki, muziki wa zamani kwa sauti ya kadiri. Mama mwenye buveti anatengeneza mwenyewe juisi ya tangawizi na nanasi. Anasaga asubuhi, anachuja kwa kitambaa, na alituambia bila sisi kuuliza kwamba mayi yake anayachemsha usiku. Mwanaye, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, akaja na chupa ya jini imefungwa. Akamwonyesha mzee kwanza, kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. Mzee akaigeuza, akasoma maandishi ambayo bila miwani hawezi kuyasoma, akatikisa kichwa kukubali. Kijana akafungua, akapima kwa kizibo cha chupa, vizibo vitatu kila glasi, tukihesabu pamoja naye kwa sauti. Akamwaga juisi juu yake, akakata ndimu hapo hapo.

Glasi moja ilikuwa dola mbili. Ilichoma koo, ikafungua pua, kisha nanasi ikafika nyuma polepole. Mama alimaliza yake bila kusema neno, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Mzee akaonja mdomo mmoja. Akaonja wa pili. Tukamngoja.

"Kijana," akasema, "kile kizibo cha nne ulikisahau."

Kijana akacheka, akachukua chupa, akamuuliza: "Papa, na ndimu niongeze?"